Msimsingizie Uzee

Mlionisikia zamani mnajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye kipimajoto.

Aksolotli wangu, amfibia wa majini mwenye matamvua nje ya kichwa, alikuwa na miaka 11. Siku moja akasusia nyungunyungu, yeye ambaye kwa kawaida hudaka na kidole changu pamoja na chakula. Ncha ya mkia imejikunja kama ndoana, matamvua yameelekea mbele, rangi imepauka. Nikasema nini? "Mzee kachoka." Nikamwacha hivyo wiki nzima! Kisha nikatia mkono majini kutoa jani lililooza, nikahisi uvuguvugu. Kipimajoto kilichobandikwa kiooni kinasema nyuzi 18. Nikaazima kingine: 25. Kile changu kilikwama sijui tangu lini, nami nakisoma kila asubuhi, natikisa kichwa, naridhika. Nikamhamishia kwenye beseni la maji ya baridi yasiyo na klorini, nikawa nayabadilisha kila siku huku nikishusha joto la tangi polepole. Siku ya nne akala. Mzee hakuwa amechoka. Alikuwa anachemka.

Naona mkono unataka kunyooshwa kule nyuma: "Lakini wazee wanaugua kweli." Wanaugua, nani kakataa? Wa kufugwa huishi miaka 10 hadi 15, na kadiri umri unavyosonga manyoya ya matamvua hupungua, mguu uliokatika huchelewa kuota. Ninachokataa ni kumwandikia mnyama cheti cha kifo kabla hujapima maji. Amonia sifuri, naitriti sifuri (zote mbili sumu zitokanazo na uchafu wake), joto nyuzi 16 mpaka 18. Asili yake ni Xochimilco, eneo la maziwa na mifereji kwenye nyanda za juu za Meksiko, maji ya baridi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wake unaidai zaidi. Kijana atavumilia kidogo. Mzee hana akiba ya kuvumilia.

Wala usiniambie tangi lako lina miaka minane na halijawahi kukusumbua. Tangi nalo huzeeka! Naitreti, mabaki ya mwisho ya uchafu huo, hurundikana, uwezo wa maji kuzuia asidi huisha, bakteria wa chujio wanaokula amonia wanadhoofika, na amonia inarudi kimyakimya.

Saa inanikimbiza. Tumbo likijaa maji, huenda ni figo, ini, moyo au maambukizi. Hilo si la kutibia nyumbani, tafuta daktari anayewajua amfibia. Pamba nyeupe kwenye matamvua, mara nyingi kuvu. Akielea asiweze kuzama, gesi, au kokoto alizomeza, na kokoto zitoke tangini leo hii. Mzee asiyetembea sana apunguziwe chakula. Tiba ya chumvi nilikuwa nimeitengea robo saa nzima, basi tena.

Maswali? Anayetaka kuniambia wake ni mzee tu, aje kwanza na kipimajoto cha pili.