Mbona 96 Haikuulizwa Kibali?

ZUHURA: Karibu tena msikilizaji. Mimi Zuhura, na Deo yupo hapa na chai yake ya tangawizi.

DEO: Chai haina chama, dada.

ZUHURA: (anacheka) Umeingia kwenye mada bila kubisha hodi. Hawa wanaotafiti na kutetea sera za utawala bora, tutajuaje hawana upande?

DEO: Turudi Julai 2018. Twaweza, ile asasi ya kiraia, wanatoa matokeo ya Sauti za Wananchi, kura yao ya maoni kwa simu: wanaoukubali utendaji wa Rais Magufuli ni asilimia 55. Mwaka 2017 walikuwa 71. Mwaka 2016 walikuwa 96.

ZUHURA: Haukupita muda, barua ikatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia: jielezeni kwa nini msichukuliwe hatua, mmechapisha utafiti bila kibali.

DEO: Sasa swali langu dogo tu. Ile 96 mbona haikuulizwa kibali?

ZUHURA: Na utaratibu ulikuwa uleule! Kaya zimechaguliwa kwa bahati nasibu, Tanzania Bara tu, watu wamepewa simu na chaja ya sola, halafu wanapigiwa na kuulizwa maswali. Hakuna kilichobadilika ila jibu.

DEO: Ila na mimi nina dhambi yangu, acha niitubu hapa hapa. 2016 nilikuwa wa kwanza kusema, "Asilimia 96 ya wapi? Watu wanaogopa kusema ukweli kwenye simu." Ilipotoka 55, nikaitupa kwenye magrupu yote ya WhatsApp, hadi la ukoo. Habari ya watu kuogopa sikuikumbuka kabisa.

ZUHURA: Mwamba ngoma huvutia kwake.

DEO: Nilivuta, dada. Mpaka ngozi ikataka kuchanika.

ZUHURA: Kwa hiyo wewe na mwandika barua mlikuwa mnafanya kazi moja.

DEO: Usinikaribishe huko! Mimi sikuwa na jela. Kumbuka Septemba mwaka uleule Bunge liliibadilisha Sheria ya Takwimu. Ukitoa takwimu zinazopotosha au kuzitia doa za serikali, faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili.

ZUHURA: Benki ya Dunia ikasema wazi kwamba ina wasiwasi, na 2019 sheria ikarekebishwa tena, makali yakapungua. Lakini hebu tuje upande wetu, maana kuisema serikali tumeshazoea. Niliwahi kuhariri ripoti ya asasi moja, siitaji. Ilihusu matumizi ya fedha za halmashauri. Ukurasa wa 14 ulikuwa na jedwali la visima: vingapi vinatoa maji, vingapi pampu imekufa. Katika vilivyokufa, vingi vilikuwa vya mfadhili aliyelipia ripoti.

DEO: Ehee.

ZUHURA: Usiku wa kuamkia uzinduzi napigiwa simu. "Dada Zuhura, jedwali hilo tulitoe kwanza, tutaliweka kwenye ripoti ijayo." Kurasa zinazoisema halmashauri hazikuguswa hata nukta.

DEO: Na ripoti ijayo?

ZUHURA: Naisubiri mpaka leo.

DEO: Ulikubali?

ZUHURA: Nililitoa. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya miezi sita mbele yangu. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "sisi hatuna upande", simuulizi anampenda nani. Namuomba dodoso lake na data ghafi. Afrobarometer, wale wa kura za maoni Afrika nzima, wapo tangu 1999, wanaziweka wazi, nenda kapige hesabu mwenyewe. Twaweza nao za kwao walizitoa.

DEO: Hao Afrobarometer wana swali moja mwishoni nalipenda sana. Wanamuuliza mhojiwa: unadhani nani ametutuma?

ZUHURA: Na wengine hujibu ni serikali.

DEO: Hata mdodosaji aseme mwanzoni kwamba hatoki serikalini! Nilipokuwa mdodosaji tulikuwa na swali kama hilo. Kuna mzee mmoja tulikaa naye chini ya mwembe, na mtendaji wa kijiji kajileta, kakaa kwenye kibao pembeni yetu. Kila ninachouliza, mzee anamtupia jicho mtendaji, kisha ananiambia, "Safi tu, mwanangu. Safi." Barabara safi, zahanati safi. Zahanati yenyewe nimeipita nikiwa kwenye bodaboda, ina kufuli.

ZUHURA: Hukumwomba mtendaji asogee?

DEO: Nilimwomba. Akasogea hatua mbili, akabaki anachokonoa meno. Nikafika swali la mwisho: "Mzee, unadhani nani amenituma?" Akacheka sana. "Si huyo hapo!"

ZUHURA: Ukaandika nini?

DEO: "Mtendaji wa kijiji." Nikasema asante, nikapanda pikipiki.