Sarakasi za zamani Marekani zilivyokuwa zinahama usiku

Mambo vipi wadau wangu, na wakubwa wote mnaonifuatilia huko nyumbani shikamooni. Leo niko Baraboo, mji mdogo kwenye jimbo la Wisconsin, hapa ndo wale ndugu wa Ringling walianzisha sarakasi yao mwaka 1884 na kila baridi ikiingia walikuwa wanarudi hapa na wanyama wao wote mpaka 1918, sasa hivi pamekuwa makumbusho. Watu wengi wakisikia sarakasi wanawaza mtu anayeruka kule juu kwenye kamba, lakini mi kinachonishangaza kuliko vyote ni jinsi walivyokuwa wanahama.

Mwanzoni kulikuwa hakuna mahema jamani. John Bill Ricketts alipofungua sarakasi yake Philadelphia mwaka 1793, mpaka rais George Washington akaenda kuangalia, ilikuwa kwenye jengo, kwa hiyo akitaka kwenda mji mwingine inabidi ajenge tena! Ndo mwaka 1825 Joshua Purdy Brown akaja na hema la turubai, unakunja, unapakia, unaondoka.

Sasa kuondoka kwenyewe ni kwa magari ya mbao yanayokokotwa na farasi, usiku, barabara za udongo, mvua ikinyesha gari linazama kwenye tope, na usiku mzima mnaenda kilomita 20 hivi basi. Tembo naye anatembea kwa miguu. Kulikuwa na tembo mmoja jike anaitwa Old Bet, wa bwana mmoja wa Somers, New York, Hachaliah Bailey, walikuwa wanamtembeza usiku ili watu wasimuone bure njiani, na mwaka 1816 huko Maine akapigwa risasi akafa. Inauma sana.

Halafu ikaja 1872. Hapa nisikilizeni vizuri maana hapa ndo penyewe. William Coup, mshirika wa P.T. Barnum, yule mwenye sarakasi maarufu, akasema tunapanda treni. Ila unapakiaje magari kibao kwenye treni haraka? Wakayapanga mabehewa ya wazi yakafuatana, kati ya behewa na behewa wakalaza mabamba ya chuma, mwishoni kabisa wakaegesha mbao za kupandia, farasi anatembea chini pembeni ya reli anavuta kamba, mtu mmoja juu ameshika mti wa mbele wa gari anaongoza, gari linapita juu ya behewa la kwanza, la pili, la tatu mpaka mwisho wa treni, likifika wanachomeka kabari kwenye magurudumu, linafuata jingine. Yaani onyesho likiisha saa za usiku, asubuhi wako mji wa kilomita 160 mbele! Vile vijiji vidogo wakavipita, wakawa wanasimama miji mikubwa kwenye watu wengi na hela nyingi.

Na kuna mpangilio mmoja nimeupenda sana, sarakasi kubwa ilikuwa na treni zaidi ya moja, na ya kwanza kufika ilibeba jiko. Wapishi wanawasha moto kwanza, ili wale wa nyundo wanaopigilia vigingi vya hema kubwa wale kwanza washibe. Watu mamia wale, bila chakula hakuna hema.

Haya, naingia ndani niwaonyeshe hayo magari yenyewe, nakshi zake ni balaa, mwenye swali atupie kwenye komenti nitajibu.