Kinasa Video cha Mfukoni kwa Raspberry Pi Zero 2 W

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunaunda kinasa video kinachoingia katika mfuko wa koti, kinachotumia umeme wa pawabenki ya simu, na ambacho hakitapoteza kazi yako umeme ukikatika katikati ya shughuli. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandae somo hili, kwa kuwa maelekezo mengi ya vifaa vya namna hii huishia pale picha inapoonekana kwenye kioo, ilhali mwenye harusi uliyemrekodia hana haja ya kujua kama picha ilionekana. Yeye anataka faili yake. Niseme mapema pia kwamba kasha la plastiki unaloliona hapa mezani ninalitoboa na kuliuza mwenyewe, ingawa kopo lolote gumu lenye kifuniko litakufaa.

Kompyuta yetu ni Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta nzima juu ya ubao mmoja mdogo, yenye urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30. Ilipotoka Oktoba 2021 ilitangazwa kwa dola 15, lakini wauzaji wa huku huongeza nauli na faida yao, kwa hiyo ulizia maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa. Wapo watakaoniuliza kwa nini nisitumie Raspberry Pi 5, ambayo ina nguvu zaidi. Zero 2 W ina sakiti maalumu ya kubana video kwa mfumo wa H.264 hadi pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, na Pi 5 haina sakiti hiyo, hivyo prosesa yake hulazimika kuifanya kazi hiyo yenyewe na kula umeme zaidi. Hapa mdogo anamshinda mkubwa.

Kamera ni Camera Module 3, iliyotoka Januari 2023, ambayo hurekebisha fokasi yenyewe. Utahitaji pia kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32, kitufe, taa ndogo ya LED, rezista ya omu 330 na pawabenki. Kuhusu utepe wa kamera, sikiliza vizuri: ule unaokuja ndani ya boksi la kamera una njia 15 na hauingii katika soketi ya Zero, ambayo ni nyembamba na ina njia 22. Mwambie muuzaji akupe utepe wa Zero, na uutazame kabla ya kuondoka dukani.

Mfumo endeshi hautatuchelewesha. Fungua programu ya Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta yako, chagua Raspberry Pi OS Lite, jaza jina la mtumiaji, nywila na waifai, ruhusu SSH, yaani njia ya kuingia kwenye Zero kupitia mtandao, kisha iandike kadi. Tunachukua Lite kwa sababu Zero 2 W ina kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, na kinasa hakihitaji madirisha wala picha ya ukutani.

Sasa tumefika kwenye utepe, na hapa naomba twende polepole. Hakikisha umeme umechomolewa. Soketi ya Zero ina kibanio cheusi ambacho hakiinuliwi kwenda juu; kinavutwa kwa nje, sambamba na ubao, kwa kucha mbili, moja kila pembe, na kinasogea takribani milimita moja tu kisha kinasimama. Kikisimama, acha. Ukiendelea kuvuta kitatoka, na pembe zake ni nyembamba kuliko zinavyoonekana katika video. Geuza utepe ili upande wenye mistari ya chuma utazame chini kwenye ubao, uingize ukiwa umenyooka, kisha sukuma kibanio kirudi ndani, tena kwa kucha mbili kwa pamoja. Usikisukume upande mmoja kwanza. Upande wa kamera ni vivyo hivyo: mistari ya chuma inautazama ubao wa kamera. Narudia, kucha mbili, polepole, na umeme umechomolewa.

Tuwashe. Chomeka waya kwenye tundu lililoandikwa PWR, siyo lile jirani yake, kisha ingia kwa SSH kutoka kompyuta yako na uandike rpicam-hello --list-cameras. Hapa kwenye kioo, kama mnavyoona, kompyuta inadai kwamba hakuna kamera. Ngoja nisogeze lenzi tuone. Mnaona pale? Utepe umeingia kiupande, mstari mweupe wa kushoto umezama na wa kulia unachungulia. Nazima kwanza, nasubiri taa ya kijani itulie, nachomoa waya, nalegeza kibanio kwa kucha mbili, naunyoosha utepe, nabana. Naam, sasa jina la imx708 limetokea, nalo ni jina la kihisi cha kamera yetu. Usikimbilie kununua kamera nyingine kabla ya kuutazama utepe kwa namna hii.

Kitufe na taa vinahitaji kulehemiwa, isipokuwa ukinunua ubao ambao tayari una pini. Waya mmoja wa kitufe uende pini ya 11, ambayo programu huitambua kama GPIO 17, na mwingine uende pini ya 9, ambayo ni ardhi. Mguu mrefu wa taa uende pini ya 13, yaani GPIO 27, ukipitia kwenye rezista, na mguu mfupi uende pini ya 14. Mimi napenda taa nyekundu, kwa sababu watu wakiiona wanajua wanarekodiwa na hupunguza maneno.

Amri ya kurekodi ni hii: rpicam-vid -t 0 --width 1920 --height 1080 --framerate 30 --bitrate 10000000 --autofocus-mode continuous --nopreview --inline --segment 60000 -o sehemu%04d.h264. Sifuri baada ya -t maana yake ni kurekodi bila kikomo. Neno --segment hukata video katika vipande vya milisekunde 60,000, yaani dakika moja moja, na --inline hukifanya kila kipande kiweze kuchezwa peke yake. Kwa kiwango hiki cha megabiti 10 kwa sekunde, dakika moja huchukua takribani megabaiti 75, saa moja gigabaiti nne na nusu, na kadi yetu itabeba saa sita hivi baada ya kutoa nafasi ya mfumo.

Kwa nini tusihifadhi moja kwa moja kama MP4? Kwa sababu faili ya MP4 ya kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, wakati wa kufunga. Umeme ukikatika kabla ya hapo, unabaki na gigabaiti kadhaa ambazo programu za kawaida za kucheza video hukataa kuzifungua. Faili ghafi ya H.264 haina faharasa ya kusubiri, na kilichokwisha kuandikwa kwenye kadi kinasomeka.

Programu fupi ya Python, kwa kutumia maktaba ya gpiozero, ndiyo inayoanzisha na kusimamisha amri hiyo kila kitufe kinapobonyezwa. Hapa kuna mtego mkubwa kuliko ule wa utepe. Kila unapoanza kurekodi upya, hesabu ya vipande huanza tena sehemu0000, na kipande kipya hufuta cha zamani chenye jina hilo bila kukuuliza. Kwa hiyo kila mara kitufe kinapobonyezwa ili kuanza kurekodi, programu itengeneze folda mpya kwanza. Wala usiipe folda jina la tarehe, kwa kuwa Zero haina saa yenye betri, na ikikosa mtandao huamka na saa isiyo sahihi. Tumia namba: folda 001, 002, 003, na programu itafute namba kubwa iliyopo kisha iongeze moja. Folda mpya kila mara, tafadhali.

Nimeweka pia kwamba kitufe kikishikiliwa kwa sekunde tatu, kompyuta ijizime kwa utaratibu. Ukikishikilia wakati ulikuwa hurekodi chochote, mbonyezo huo utaanzisha kurekodi kwanza, na itabaki folda yenye video ya sekunde tatu inayoonyesha kidevu chako, ifute.

Tujaribu sasa. Nabonyeza, taa inawaka, tunaacha dakika tatu zipite, halafu nachomoa waya wa umeme kwa makusudi. Nawasha tena. Vipande vyote vilivyokamilika vipo, na kilichokuwa kikiandikwa kimepungua mwishoni. Usilifanye jaribio hili kila siku, kwa maana kukatiwa umeme mara kwa mara kunaweza kuharibu mfumo wa faili kwenye kadi.

Kuhusu sauti, ubao huu hauna maikrofoni. Ipo njia ya kuchomeka maikrofoni ya USB, ila mimi narekodi sauti kwa simu na kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, kisha naoanisha kofi hilo wakati wa kuhariri.

Unapofunga kasha, skrubu zisikazwe sana, na utepe ukunjwe kwa mduara mpana. Ukiuvunja kama karatasi, njia zake hukatika ndani bila dalili kwa nje.

Ukirudi nyumbani, unganisha vipande kwa cat sehemu*.h264 > zima.h264, kisha, kwa kutumia ffmpeg, programu ya kugeuza faili za video, andika ffmpeg -framerate 30 -i zima.h264 -c copy zima.mp4. Ile 30 iandike mahali hapo hapo, kabla ya -i. Faili ghafi haibebi kasi yake, na ffmpeg isipoambiwa huchukulia fremu 25, hivyo dakika yako moja itachezwa kwa sekunde 72, na kofi ulilopiga mwanzoni halitaoana na sauti ya simu hata ukeshe ukihariri.