Paka Mzee Hapelekwi Darajani

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Waandaaji wameniandikia mambo manne ya kuyasema kuhusu kumtafutia paka mzee makao mapya. Nitayafikia nitakayoyafikia. Kwanza lipo moja lililonikaa rohoni, na walionisikia siku nyingine wataniwia radhi, maana nitalirudia mpaka likome: kumtia paka mzee kwenye gunia, kumfungulia sokoni Darajani, hapa mjini Zanzibar, kisha kurudi nyumbani ukijiambia kwamba umempatia pa kuishi.

Umemtupa. Tuite jambo kwa jina lake.

Naambiwa, “Si kuna samaki pale?” Kuna samaki, na kuna paka wa pale pale, vijana wenye meno, na kila meza ina mwenyewe. Paka wa miaka 13 aliyezoea mkeka wa ndani, magego yameshang’oka, viungo vinauma, atagombea kichwa cha nguru na nani? Atajibanza chini ya banda, asile. Na paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini, na ini likashindwa kazi. Hiyo roho ya paka mnayoitaja kila siku ni ya paka kijana.

Nichukue kisa cha Pili. Pili alikuwa paka wa bi mkubwa mmoja wa Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini. Bi mkubwa alipofariki, warithi waligawana kwa uadilifu, hata kinu na mbuzi ya nazi vikapata wenyewe. Paka hakuna aliyemuuliza. Mlango ukafungwa, naye akabaki barazani. Mjukuu mmoja akamhurumia, akamchukua kwake Kikwajuni, akamwachia uani na sahani ya dagaa. Baada ya siku chache Pili yuko Malindi, mlango ule ule, barabara zote zile amezivuka. Akachukuliwa tena, akarudi tena. Mjukuu akakasirika: paka huyu hana shukrani, apelekwe Darajani.

Shukrani inaingiaje hapa? Paka anaijua nyumba kwa harufu, kwa njia zake, kwa kona aliyosugulia shavu lake miaka yote. Ukimfungulia uani siku ya kwanza, miguu itampeleka anakokujua.

Nilipoitwa nikamkuta barazani, na kitu cha kwanza nilichokitazama ni kucha. Paka akizeeka haparui tena magogo, kucha hazipungui, zinajikunja kurudi kidoleni. Za Pili mbili zilikuwa zimeshaingia nyamani, na ukimsikiliza akitembea kwenye sakafu, kila hatua inagonga. Mgongoni manyoya yameshikana mafundo, kwa kuwa kiuno hakipindi tena afike kujilamba. Majirani wakaniambia kachafuka kwa uvivu. Uvivu! Yule alikuwa anaumwa mwezi mzima mbele ya macho yao.

Daktari wa mifugo akamkata kucha, akamnyoa mafundo, akampa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo ndipo nikaanza kutafuta mtu. Familia mbili zenye nyumba kubwa na watoto wengi zilimtaka, nikakataa, na najua moja imeninunia hadi leo. Lakini fikirini: mtoto mdogo anamvuta mkia paka mwenye maumivu ya mgongo, paka anamparua, na kabla ya Ijumaa paka yuko nje. Mimi huuliza nani anashinda nyumbani mchana, nani hana vitoto vya paka vinavyoruka ruka, nani hakai ghorofa yenye ngazi zile zetu za Mji Mkongwe zinazomshinda hata mtu.

Aliyepatikana ni fundi cherehani, mzee aliyestaafu, anakaa chini, chumba cha mbele. Alikuwa akipita kumsabahi bi mkubwa kila asubuhi, kwa hiyo sauti yake Pili anaijua. Tukamfungia chumba kimoja. Tukaleta kanga ya bi mkubwa kabla haijafuliwa, sahani yake ya siku zote, sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi asilazimike kuruka, na kikapu kimelazwa ubavu apate pa kujificha. Mzee hakumshika. Alikaa na kazi yake, akizungumza peke yake, mpaka Pili akatoka mwenyewe kunusa vitambaa. Wiki tatu mlango wa nje haukufunguliwa. Ulipofunguliwa, ulifunguliwa kabla ya chakula, akiwa na njaa. Akafika barazani, akasikia sahani inagongwa ndani, akageuka. Malindi hajarudi tena.

Sasa najua lipo neno linapita huko nyuma: watu wenyewe hawana, wewe unatuletea habari za paka. Ndugu yangu, paka huyu anakula kichwa cha samaki ulichokuwa unakitupa. Na hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka sote tumefundishwa chuo cha Kurani. Tunaisoma kana kwamba inamhusu yule aliyemfungia paka peke yake. Isomeni tena: hakumlisha, wala hakumwachia ale vijidudu vya ardhini. Asiyekuwa na meno ukimwachia ajitafutie, umemwachia nini? Na Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alipoinamisha chombo cha maji ya udhu paka anywe, Kabsha, mke wa mwanawe, akamwangalia kwa mshangao, naye akamsimulia maneno ya Mtume, rehema na amani zimfikie: paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Huyu ni wa nyumbani.

Naoneshwa saa. Basi haraka haraka.

Chakula: samaki wa kuchemsha, asiye na mwiba wala chumvi, na apashwe moto kidogo, maana pua ya mzee imepungua na asichokinusa hakili. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa sana, mshuku figo, umpeleke kwa daktari. Umwambie anayemchukua ukweli wote, hata kama anakojoa ndani. Ukimficha, atarudishwa au atatupwa. Kidonge cha parasetamo usimpe kamwe, hata nusu. Kimoja tu kinatosha kumuua.

Mnaosafiri: kumpeleka paka Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya kutoka hapa kunataka chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha damu ipimwe baada ya siku 30 au zaidi, kisha miezi 3 ya kungoja tangu damu ilipochukuliwa. Anayeanza kuulizia wiki ya tiketi kachelewa, na ndiye anayeishia na gunia. Na wazee wenzangu, muandikeni leo, mngali hai, nani atamchukua paka wenu, na mtu huyo aanze kuja kumlisha.

Hilo la nne, la gharama za daktari, tuliweke kwenye maswali. Na yule kijana aliyeniambia mlangoni kwamba anahamia Muscat mwezi ujao na ana paka wa miaka 14, tafadhali asitoke kabla sijapata jina la jirani yake.