Chanjo na Kalenda ya Hazina

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, nimeombwa nizungumzie namna dola inavyogharimia na kusimamia upatikanaji wa chanjo kwa watu wake wote. Kabla ya fedha, naomba tuiangalie kalenda ya mtoto. Chanjo ya kifua kikuu hupaswa kutolewa mara tu anapozaliwa. Dozi ya kwanza ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, katika nchi nyingi, akiwa na wiki 6. Na ile ya surua akiwa na miezi 9 au 12. Hazina nayo ina kalenda yake, yenye makisio, mjadala wa bunge, idhini, kisha mgawo ambao mara nyingi huja baada ya wakati wake. Rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita uhaba wa fedha za chanjo hutokana na kalenda hizi mbili kupishana.

Swali la kwa nini dola ilipe halitanichukua muda mrefu. Surua huambukiza kwa kasi kiasi kwamba ili kuizuia isienee, takribani watu 95 katika kila 100 hawana budi kuwa na kinga, na kiwango hicho hakifikiki pale kila mzazi anapoachiwa ajinunulie. Marekani, ambayo haiwezi kuitwa maskini, ilipata funzo hilo kati ya mwaka 1989 na 1991, surua ilipowapata watu zaidi ya 55,000, na ikabainika kuwa watoto wengi waliougua walikuwa hawajachanjwa ingawa walikwisha kufikishwa kwa daktari kwa shida nyingine. Sheria iliyopitishwa mwaka 1993 ikaanzisha mpango ulioanza kazi mwaka 1994, ambao kwao serikali kuu hununua chanjo kwa bei ya mkataba na kuzigawa bila malipo kwa ajili ya watoto wasio na bima, walio katika bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, na makundi mengine yaliyotajwa. Kinachonivutia zaidi katika sheria hiyo ni kwamba chanjo ilifanywa kuwa haki ya mtoto anayestahili: kamati ya wataalamu ikishapiga kura kuiingiza chanjo fulani katika mpango, fedha yake hufuata, bila kungoja kila mwaka huruma ya mjadala wa bajeti.

Nchi nyingi haziwezi kujifunga hivyo, kwa sababu hazina yenyewe hujaa na kukauka kwa misimu. Kwa nchi hizo, jibu la busara zaidi ninalolifahamu lilitoka katika bara la Amerika. Shirika la afya la bara hilo lilianzisha mwaka 1977 mfuko wa mzunguko ambao hukusanya mahitaji ya nchi wanachama, huagiza kwa pamoja, humlipa mtengenezaji, kisha huipa nchi siku 60 za kurejesha fedha baada ya kupokea mzigo. Wengi wanaousifu mfuko huo husifu bei nafuu inayotokana na kununua kwa pamoja, nami sibishani nao. Lakini kwangu zile siku 60 zina thamani sawa na punguzo la bei, kwa maana ndizo zinazoiruhusu meli au ndege kuondoka kabla hundi haijasainiwa. UNICEF nayo, tangu mwaka 1991, ina utaratibu wa kuzitangulizia nchi malipo ya chanjo, kwa mantiki hiyo hiyo.

Kuhusu misaada, ni vyema tuseme kwa uwazi. Gavi, muungano wa kimataifa wa kufadhili chanjo ulioanzishwa mwaka 2000, huzitaka nchi zenye kipato cha chini kabisa zichangie senti 20 za dola ya Marekani kwa kila dozi ya chanjo zinazofadhiliwa, na mchango huo hupanda kadiri pato la nchi linavyopanda, hadi siku ambayo nchi hulipa yote yenyewe. Wapo wanaozidharau senti 20. Mimi naziona kuwa mazoezi ya lazima, kwa sababu nchi isiyo na kasma ya chanjo katika bajeti yake, wala ofisa anayejua ni tarehe ipi malipo yanatakiwa, haitaipata kasma hiyo wala ofisa huyo kwa mkupuo siku mfadhili atakapoondoka. Nyongeza moja: bei ya dozi si gharama ya chanjo. Majokofu ya nyuzijoto 2 hadi 8, mafuta ya gari na posho ya mhudumu anayekwenda vijiji vya mbali hukaa katika mafungu mengine ya bajeti, na hayo ndiyo hukatwa kwanza mwaka unapokuwa mgumu.

Sasa nigeukie usimamizi, ambao kwa kawaida huongelewa kwa dakika mbili za mwisho. Anayependekeza chanjo ipi iingizwe, anayethibitisha ubora wake na anayekagua matumizi wasiwe mtu mmoja, wala wasiripoti kwa mnunuzi. Hilo linakubalika karibu kila mahali, walau kwenye karatasi. Ugumu unaanzia kwenye hesabu. Kiwango cha uchanjaji hupatikana kwa kugawanya idadi ya waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwapo, na kadirio hilo likiwa limetokana na sensa ya miaka mingi iliyopita, wilaya inaweza kujikuta imechanja asilimia 110 ya watoto wake, nyingine asilimia 60, ilhali watoto ni wale wale waliohama. Mkuu wa wilaya ya kwanza hupongezwa. Kwa sababu hiyo mimi huuamini zaidi utafiti wa nyumba kwa nyumba unaoomba kuiona kadi ya kliniki, ingawa ni wa gharama na hauwezi kufanyika kila robo mwaka.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye chupa ya surua, maana ndani yake sera nzima inaonekana. Chanjo hiyo ni ya unga. Aina inayotumika sana huja katika chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa na kimiminika chake hutakiwa itupwe ndani ya saa 6 au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Akija mama mmoja na mtoto mmoja, muuguzi ana njia mbili: afungue chupa na pengine amwage dozi 9, au amwambie mama arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahimiza chupa ifunguliwe. Lakini kama fomu ya mwezi inamtaka muuguzi aeleze kila dozi iliyopotea, na haimtaki aeleze kila mtoto aliyerudishwa, tusishangae akichagua kuilinda chupa. Mkaguzi wa hesabu akifika ataikuta bohari safi, upotevu mdogo, na kituo cha mfano. Mama aliyetembea kwa muda wa saa tatu na kurudi na mtoto ambaye hajachanjwa hayumo katika leja yoyote, na hatakuwamo hadi rejesta ya kituo itakapochorwa safu ya kumwandika.