Ndege wa manjano wa Pfaffenhausen

SALUM: Haya, tumerudi. Jana Neema kanitumia picha ya gari la manjano, anauliza, "Hii Porsche ya mwaka gani?" Nikamjibu, hiyo siyo Porsche.

NEEMA: Nikambishia! Mgongo wa Porsche, taa za mviringo za Porsche, halafu mtu ananiambia siyo. Nikasema huyu leo kaamkaje?

SALUM: Soma kadi ya gari, dada. Imeandikwa RUF. Tangu 1981 Ujerumani inawatambua kama watengenezaji wa magari, siyo gereji ya kuongeza nguvu tu. Enzi hizo walikuwa wanachukua bodi tupu kutoka Porsche, wanalijenga gari wenyewe, na namba ya chesisi ni ya kwao, inaanza na W09.

NEEMA: Kumbe. Ni akina nani hao?

SALUM: Familia moja ya Pfaffenhausen, mji mdogo huko Bavaria. Mzee Alois Ruf alifungua gereji 1939. Kilichowaleta kwenye Porsche ni ajali. Mwaka 1963 mzee yuko barabarani na basi lake...

NEEMA: Basi?

SALUM: Basi la abiria, na alilibuni mwenyewe! Ikampita Porsche 356, mbio, mbele kidogo ikamshinda dereva, ikapinduka. Mzee akasimama, akamsaidia yule dereva. Baadaye akamfuata akanunua lile gari lililopondeka, akalirudisha barabarani.

NEEMA: Wengine wakiona ajali wanatoa simu. Yeye akaona gari la kununua.

SALUM: Mwanawe, naye Alois, alishika gereji 1974 baba alipofariki. Huyo ndiye aliyeumwa Porsche hasa. Hilo gari la kwenye picha yako, wanaloliita Ndege wa manjano, ni la kwake, la 1987, na jina lake rasmi ni CTR.

NEEMA: Haya, fungua boneti.

SALUM: Boneti ukifungua utakuta begi lako. Injini iko nyuma.

NEEMA: Salum!

SALUM: Silinda sita, tatu zimelala kulia, tatu kushoto. Wakaipanua hadi lita 3.4, wakaifunga turbo mbili, zile za kuisukumia injini hewa zaidi. Nguvu farasi 469. Sasa linganisha na 911 Carrera ya lita 3.2, ambayo ndiyo bodi waliyoanzia: farasi 231.

NEEMA: Mara mbili na kidogo. Basi siri yote iko hapo.

SALUM: Hapana, subiri. Ile Carrera mwisho wake kilomita 245 kwa saa. CTR ilipopimwa Aprili 1987 ilifika 339. Ukienda kasi sana, adui yako mkubwa ni upepo, na upepo haukui sawa na mwendo. Ukitaka mwendo uzidi mara mbili, nguvu inabidi izidi mara nane.

NEEMA: Nane? Siyo mbili?

SALUM: Nane. Kwa hiyo piga hesabu: ukiongeza nguvu mara mbili tu, bila kugusa kitu kingine, ile 245 inafika kama 310. Kufika 339 zimebaki karibu 30. Zimetoka wapi?

NEEMA: Kwenye gia?

SALUM: Gia zimo, giaboksi walitengeneza yao. Lakini kubwa ni bodi. Porsche walikuwa na 911 Turbo, ile yenye madigadi mapana nyuma, imetanua kama mtu amebeba ndoo mbili. Kila fundi angeanzia hiyo. Ruf akachukua ile nyembamba, ipasue upepo vizuri. Halafu, na hapa ndipo ninapompendea, juu ya milango ya 911 za zamani kuna kifereji cha bati cha kuzuia maji ya mvua yasikudondokee. Umewahi kukiona?

NEEMA: Nimewahi kukishika. Kimesimama kama ukingo wa sinia.

SALUM: Basi akakikata. Chote, mbele mpaka nyuma, akalainisha. Milango na boneti akaweka za alumini, bampa za faiba. Gari zima likawa kama kilo 1,150.

NEEMA: Ngoja nicheke kwanza. Binamu yangu alikuwa na kagari kake kazuri tu. Akakafunga spoila kubwa, bampa mpya, madigadi ya kubandika, na bomba la moshi la kuamsha mtaa. Mwendo ule ule, mafuta ndiyo yakapanda. Na matuta yote sasa anayavuka kimshazari.

SALUM: Binamu yako aliongeza. Ruf alikuwa anapunguza.

NEEMA: Nitamtumia hii sehemu. Na hiyo 339 ilipimwa wapi? Maana magazeti nayo...

SALUM: Ehra-Lessien, uwanja wa majaribio wa Volkswagen, una barabara iliyonyooka karibu kilomita 9. Jarida la Marekani, Road & Track, liliyakusanya hapo magari yenye mbio sana duniani. Ferrari Testarossa ilikuwepo. Porsche 959 ilikuwepo, farasi 450, tairi zote nne zinavuta, kompyuta kila kona. Likaja hili la gereji ya familia, linasukumwa na tairi za nyuma tu, likawaacha wote.

NEEMA: Kwa mwendo huo Dar mpaka Chalinze ni dakika ngapi?

SALUM: Hazifiki 20. Ila utakuta foleni ya malori kwenye mizani ya Vigwaza, na vibao vya 50.

NEEMA: Na trafiki kakaa chini ya mwembe anakusubiri. Sasa hilo jina la ndege?

SALUM: Walilibatiza wale waandishi. Siku ile mawingu yametanda, kila kitu kijivu, halafu kitu cha manjano kinakatiza. Wakaliita Yellowbird. Mwaka uliofuata, Nardò, Italia, likafika 342.

NEEMA: Yalitengenezwa mengi?

SALUM: Yaliyoanza na bodi tupu ni 29 tu. Mengine ni ya wateja waliopeleka Porsche zao zikabadilishwa, na wakusanyaji wanayatofautisha sana hayo mawili. Ndiyo maana wanaanza na namba ya chesisi kabla ya kuuliza bei.

NEEMA: Mimi nimeiona video yake ile ya Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani. Gari linakwenda ubavu kona nzima, moshi wa tairi umejaa, dereva hana hata helmeti.

SALUM: Stefan Roser, dereva wa majaribio wa Ruf. Kuna sehemu kamera inashuka miguuni anapocheza na pedali. Uliangalia kavaa nini?

NEEMA: Viatu vya kutumbukiza, kama anakwenda ofisini.

SALUM: Na soksi nyeupe.