Muuguzi Aliyejipa Mbili

Wauguzi wenzangu, na walimu wangu mlioko hapa, shikamooni.

Wamarekani wawili, James Kouzes na Barry Posner, walitunga dodoso la uongozi lenye sentensi 30. Unasoma sentensi, unajipa alama: 1 ukiwa karibu hufanyi kabisa, 10 ukiwa unafanya karibu kila mara. Wauguzi wa nchi nyingi wameshalijaza. Moja ya nguzo zake tano ni kuthubutu kuhoji mambo yalivyozoeleka. Sisi tulipotafsiri tukaandika "kupinga". Mtu mwingine akairudisha kwenye Kiingereza, kwa njia aliyoieleza Richard Brislin mwaka 1970, na neno likarudi lilelile. Tukaridhika.

Muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto akajipa 2.

Nilishangaa, kwa sababu wiki ileile nilikuwa naye zamu ya usiku. Daktari kijana aliandika jentamaisini, dozi ya mtoto mkubwa, kwa mtoto wa kilo 6. Dada yule hakusema neno mbele ya mama mtoto. Alichukua faili, akamfuata daktari mezani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, samahani, hebu nisaidie hesabu hii. Mtoto ana kilo 6." Daktari akatazama, akakata, akaandika upya. Dawa ilikuwa bado haijavutwa kwenye sindano.

Nikamwuliza, sasa hii 2 ya nini?

"Mwalimu, mimi sipingi mtu. Kupinga si utovu wa nidhamu?"

Ichukueni 2 hiyo, mwiweke kando ya 8 ya muuguzi wa Toronto, halafu mtu aandike kwamba wauguzi wetu hawana uthubutu. Inaniuma sana. Kabla ya kulinganisha wastani, lazima tuthibitishe kwamba swali linapima kitu kilekile pande zote mbili. Hata utafiti mkubwa wa Robert House na wenzake kuhusu sifa za kiongozi bora, uliofika jamii 62, uliwahoji mameneja wa huduma za fedha, viwanda vya chakula na mawasiliano ya simu. Uadilifu ulisifiwa kila mahali. Hamu ya kupanda cheo, kwingine sifa, kwingine doa. Wodini hawakuingia.

Sentensi yetu tuliiandika upya: "Nikiona kosa kwenye maagizo ya matibabu, natafuta njia lisahihishwe kabla mgonjwa hajapewa dawa." Tukampelekea. Aliisoma mara moja, akazungushia 10, akarudi kwa wagonjwa wake.